Picha ya Mnyama Aliye Taabuni ni Ushahidi



Ukimpiga picha tembo aliyedhoofika kwa ukame, au swala aliyezingirwa na mafuriko, kisha ukaisambaza, umekuwa shahidi. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Ikiwa mpokeaji ameamrishwa hivyo, mtumaji ana haki zaidi ya kujichunga. Tuangalie mifano miwili.

Twiga wa Wajir

Desemba 2021, mpiga picha Ed Ram alipiga kutoka angani picha ya twiga sita waliokufa, wamelala pamoja katika hifadhi ya Sabuli, Kaunti ya Wajir, Kenya. Anayeitazama bila maelezo atadhani walikufa papo hapo wakiwa pamoja. Lakini maelezo yalieleza kwamba walikwama kwenye tope walipokwenda kunywa katika bwawa lililokaribia kukauka, kisha mizoga ikahamishwa isichafue maji. Picha haikupungua uzito kwa ukweli huo, na mtazamaji hakudanganywa.

Dubu wa Kanada

Mwaka 2017 ilisambaa video ya dubu mweupe aliyekonda hadi mifupa, iliyopigwa Kanada na Paul Nicklen na wenzake. National Geographic iliitoa na maneno yaliyomfanya dubu huyo kuwa sura ya mabadiliko ya tabianchi. Mwaka uliofuata jarida hilo lilikiri kwamba lilivuka mpaka, kwa kuwa hakuna aliyejua kwa hakika kwa nini dubu yule alikuwa na njaa. Huenda ni maradhi, huenda ni uzee. Wanaopinga sayansi ya tabianchi wakapata pa kushika.

Je, tunyamaze?

Hapana. Tutenganishe tulichokiona na tunachokijua kwa njia nyingine. Serikali ya Kenya ilihesabu vifo vya wanyama katika ukame, kuanzia Februari hadi Oktoba 2022: nyumbu 512, pundamilia wa kawaida 381 na tembo 205. Hesabu kama hiyo inaonyesha ukubwa wa janga. Mnyama mmoja kwenye picha hawezi kubeba hoja hiyo peke yake.

Adabu za mpiga picha

1. Andika tarehe, hifadhi na ulichokiona. Dhana iite dhana.
2. Usimsogelee. Mnyama dhaifu akikukimbia anapoteza nguvu aliyobakisha. Usisimame kati yake na maji.
3. Waarifu askari wa wanyamapori kwanza, picha ije baadaye.
4. Taja hifadhi, lakini ondoa alama ya mahali hasa inayobebwa na picha ya simu, jangili asiitumie.
5. Usiongeze wala kuondoa kitu katika picha.

Surat Al-An'am, aya ya 38, inatufundisha kwamba wanyama ni umma kama sisi. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu aliteremka kisimani, akajaza maji kwenye khofu yake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Rehema kwa mnyama hutangulia, kisha ushahidi wa kweli juu ya hali yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi waadilifu. Amin.