Kiolezo kimoja, mashine mbili, IP ileile

SWALI: Nimeandaa kiolezo cha Ubuntu Server kwenye KVM. Nikinakili mashine mbili, DHCP inazipa anwani moja ya IP ingawa MAC zao ni tofauti. Tena faili la kiolezo ni kubwa mno. Nifanyeje?

JIBU: Chanzo ni faili la /etc/machine-id. Ubuntu Server hujitambulisha kwa DHCP kwa kitambulisho kinachotokana na faili hilo, si kwa MAC. Ukinakili diski, umenakili na kitambulisho, hivyo seva ya DHCP inaona mashine moja tu. Kabla ya kuzima kiolezo, andika:

sudo truncate -s 0 /etc/machine-id

Likiwa tupu, systemd huliandikia namba mpya kila nakala inapowaka mara ya kwanza.

Lililo hatari zaidi ni funguo za SSH, yaani mafaili ya /etc/ssh/ssh_host_*. Zikibaki, nakala zote zitatumia ufunguo wa siri mmoja, na atakayeuiba kwenye mashine moja ataweza kujifanya nyingine yoyote. Zifute bila kusita, kisha endesha sudo cloud-init clean --logs ili cloud-init itengeneze mpya.

Kuhusu ukubwa, zima mashine, kisha kwenye kompyuta mwenyeji andika:

virt-sparsify --compress kiolezo.qcow2 kiolezo-safi.qcow2

Amri hii huondoa nafasi zisizotumika na kubana kilichobaki. Faili jipya lisambaze pamoja na namba yake ya sha256sum, wapokeaji wahakiki. Na ukiwasha kiolezo tena, hata kwa dakika moja, rudia usafi wote.