AHADI NI DENI: SOMO JUU YA FEDHA KUTOKA BANGLADESH YA CHANGAMWE

Tarehe 30 Septemba, 2019, ilikuwa siku ya mwisho ya noti ya zamani ya shilingi 1,000 ya Kenya. Noti mpya zilikuwa zimetangazwa tarehe 1 Juni, na watu walipewa miezi minne ya kubadilisha. Basi mtu wa Mtongwe au Kisauni aliyekuwa amezilaza noti kumi chini ya godoro asizipeleke benki, aliamka tarehe 1 Oktoba akiwa na karatasi kumi safi, zenye picha na namba zile zile za jana, lakini hazikuweza kumnunulia hata kibaba kimoja cha unga. Hakuna aliyemwibia, wala panya hawakuzitafuna. Ni kitu gani basi kilichoondoka usiku ule?

Msomaji atakayeweza kulijibu swali hili atakuwa amekwisha kuijua nusu ya elimu ya fedha.

FEDHA NI AHADI

Kilichoondoka ni ahadi. Noti yenyewe ni karatasi tu. Thamani yake hutokana na ahadi ya aliyeitoa, na imani ya watu kwamba ahadi hiyo itatimizwa. Kenya ahadi hiyo hutolewa na Benki Kuu, iliyoanzishwa mwaka 1966. Benki ilipotangaza kwamba noti za zamani hazitakubaliwa tena, karatasi ilibaki na ahadi ikaenda zake.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1920 na 1922 rupia iliyotumika Pwani na bara iliondolewa, ikaja florini, na muda si muda florini nayo ikaondoka ikaja shilingi. Aliyepata habari mapema alibadilisha fedha zake. Aliyekaa mbali na habari ndiye aliyepata hasara, ingawa huenda alikuwa hodari wa kuhesabu kuliko mwenziwe. Kwa hiyo kujua fedha si kujua hesabu peke yake.

Yafaa kila mtu, kabla ya kupokea fedha, hati, au hata ujumbe wa simu unaosema umelipwa, ajiulize maswali matatu:

Kwanza, ni nani aliyetoa ahadi hii?

Pili, ahadi hii imetegemezwa na nini?

Tatu, ahadi hii itakwisha lini, na nikiwa nayo siku hiyo nitapata nini?

Tutayatumia maswali haya katika somo lote.

ELIMU TULIYOKUWA NAYO

Wako wanaodhani kwamba watu wa Pwani walifundishwa mambo ya mikopo na akiba na wageni. Si kweli. Wamijikenda wana desturi ya mweria: majirani hukusanyika wakalima shamba la mmoja wao leo, kesho wakalima la mwingine, hata wote wamalize zamu. Hapana senti inayopita mkononi, lakini deni lipo, na kila mtu anajua nani amelimiwa na bado hajalima kwa wenziwe.

Mjini wanawake hucheza upatu. Tuseme wako kumi, na kila mmoja hutoa shilingi 200 kwa juma. Kila juma mmoja wao hupokea shilingi 2,000, fedha ambazo pengine asingeweza kuziweka peke yake. Tulipime jambo hili kwa maswali yetu. Nani aliyeahidi? Kila mmoja amewaahidi wote. Imetegemezwa na nini? Kujuana na kuogopa aibu. Itakwisha lini? Siku wa kumi atakapopokea. Anayejua hayo anaijua fedha, hata kama hakupata kukanyaga mlango wa benki. Mwalimu mwenye busara huanza na elimu hiyo, ndipo aongeze yake.

SHIDA YA MTAA WA BANGLADESH

Bangladesh tunayoitaja hapa si ile nchi ya Asia, bali ni mtaa wa watu wenye kipato kidogo huko Mikindani, upande wa Changamwe. Wengi katika mitaa ya namna hii huishi kwa vibarua na biashara ndogo ndogo. Kazi ikipungua bandarini na viwandani, shilingi hupungua mtaani vile vile.

Tuchukue mfano wa watu wanne. Mama auzaye mahamri ahitaji mitungi mitano ya maji, jumla shilingi 50. Muuza maji ataka gurudumu la mkokoteni wake litengenezwe, shilingi 50. Fundi wa magurudumu ataka suruali yake ishonwe, shilingi 50. Fundi cherehani ana njaa, na watoto wake pia. Ataka mahamri ya shilingi 50. Leo hakuna hata mmoja wao mwenye shilingi 50. Basi wote wanne wamekaa. Maji yamo mitungini, cherehani imenyamaza, mahamri yanakauka, na watoto wa fundi watalala bila kula karibu na kapu la chakula kisichonunuliwa.

Sasa tuseme mama yule apata shilingi 50. Anampa muuza maji, naye anampa fundi wa magurudumu, naye anampa fundi cherehani, naye anarudi kwa mama kununua mahamri. Mama ana shilingi zake 50 kama mwanzo, lakini kazi nne zenye thamani ya shilingi 200 zimefanyika. Yaonekana dhahiri kwamba mtaa haukukosa mali wala ufundi. Kilichokosekana ni ahadi ya kupitisha kutoka mkono huu hadi mkono ule.

WALIOJARIBU KUTENGENEZA NJIA

Jaribio la kwanza lilifanyika Kongowea, Kisauni, mwaka 2010. Hati zilizoitwa Eco-Pesa zilitolewa, na vijana waliokusanya taka wakalipwa kwazo. Wafanyabiashara walizikubali kwa sababu nyuma yake ziliwekwa shilingi za Kenya, na mwenye hati aliweza kuzibadilisha. Lakini tuulize swali la pili: imetegemezwa na nini? Imetegemezwa na fedha za wafadhili, na mfadhili akifunga mfuko, kazi nayo hukwama.

Mmoja wa walioanzisha kazi hiyo ni Will Ruddick, Mmarekani aliyesomea fizikia na kufika Kenya kwa kazi ya kujitolea. Mwezi wa Mei, 2013, yeye pamoja na wenyeji wa Bangladesh walianzisha hati nyingine, Bangla-Pesa. Safari hii hazikutegemezwa na shilingi, bali na bidhaa na ufundi wa wanachama wenyewe. Wafanyabiashara wadogo zaidi ya mia moja, wengi wao wanawake, walijiunga. Kila mmoja alihitaji kudhaminiwa na wenziwe, akapewa hati chache, naye akakubali kupokea hati za wengine kwa bidhaa zake. Kwa maneno mengine, ilikuwa mweria iliyoandikwa kwenye karatasi.

Kabla ya mwezi huo wa Mei kwisha, watu sita, Ruddick akiwa mmoja wao, walikamatwa wakishukiwa kughushi fedha. Fikiri, msomaji, hofu iliyoingia nyumbani mwa mama muuza mboga aliyekuwa na hati hizo ndani ya kibindo chake. Mwezi wa Agosti mashtaka yalifutwa, na baadaye hati zikarudi mtaani.

Katika jambo hili mna fundisho kwa pande zote mbili. Serikali ina haki ya kulinda noti zake, maana noti ya bandia ni ahadi ya uongo iliyotiwa sahihi ya mtu mwingine. Lakini hati isemayo wazi "sisi wa mtaa huu ndio tulioahidi" si noti ya bandia. Tofauti yake i katika swali la kwanza: nani aliyetoa ahadi?

Baada ya hapo mpango huo ulifika Kibera, Kawangware na Kangemi mjini Nairobi, kisha ukahama kutoka karatasi kwenda kwenye simu, hata ile isiyo na intaneti, kwa jina la Sarafu. Kumbukumbu zilizochapishwa na watafiti mwaka 2022 zaonyesha kwamba tangu Januari 2020 hadi Juni 2021, wakati ugonjwa wa Korona ulipofunga biashara nyingi, watu wapatao 40,000 waliitumia na kubadilishana zaidi ya mara 400,000. Wengi wao walikuwa mitaa ya Mukuru, Nairobi, na Kinango katika Kaunti ya Kwale, nchi ile ile ya mweria.

HATARI ZA KUANGALIWA

Haitupasi kusifu tu. Hati ya mtaa haiwezi kulipa nauli ya matatu, wala unga wa ngano kwa mwenye duka la jumla. Turudi kwa mama wa mahamri. Akaanga mahamri 100 ya shilingi kumi kumi, na unga, mafuta na makaa vyamgharimu shilingi 600, zote za Benki Kuu. Akiuza yote kwa hati, kesho hana mtaji. Lakini kama kila siku huuza 80 kwa shilingi, amepata 800. Hizo zatosha mtaji na baki ya 200. Yale 20 ambayo yangelala na kuharibika ndiyo ya kuuzwa kwa hati. Kanuni ni hii: hati ni kwa kile ambacho kingepotea, si kwa kile unachokitegemea.

Hatari ya pili ni mtu asiye mwaminifu. Tuseme wanachama ni 100, na kila mmoja amepewa hati za shilingi 200. Mmoja akizitumia zote kisha akahama bila kumpokea mtu hati hata moja, hasara ni shilingi 200, yaani karibu shilingi mbili kwa kila aliyebaki. Yavumilika. Wakihama 30, hasara ni shilingi 6,000 kwa watu 70, karibu shilingi 86 kila mmoja. Hapo soko litavunjika, na majirani hawatasalimiana. Ndiyo maana wadhamini hawakuwekwa kwa urembo. Usimdhamini mtu usiyejua mlango wake.

AHADI UNAYOITOA WEWE

Hata sasa tumesema habari za ahadi tunazopokea. Lakini kila akopaye ametoa ahadi yake mwenyewe, na ahadi hiyo ina bei. Siku hizi mtu wa Likoni aweza kukopa akiwa amekaa ndani ya feri. Tuseme akopa shilingi 1,000 kwa siku 30, kwa ada ya shilingi 75. Aona ni kidogo. Mwezi ukiisha hana, basi alipa ada tu na kukopa upya. Akifanya hivyo mara kumi na mbili, mwaka umepita, ametoa shilingi 900, na ile 1,000 bado aidaiwa nzima. Ni sawa na kulipa karibu bei ya mbuzi mara mbili, na mbuzi mwenyewe alikwisha kuliwa zamani.

Hatusemi mtu asikope. Mkopo wa kununua bidhaa zitakazouzwa kwa faida ipitayo ile ada ni chombo kizuri. Mkopo wa kulipia mkopo mwingine ni shimo. Kadhalika, sheria ya mwaka 2021 iliwaweka wakopeshaji wa simu chini ya Benki Kuu, na yawapasa wawe na leseni. Mwenye leseni hana sababu ya kukasirika ukimwuliza.

MWISHO WA SOMO

Watu wa Bangladesh hawakutajirika kwa sababu ya karatasi zile. Walichopata ni kuona kwa macho yao kwamba fedha haishuki kutoka mbinguni, wala haitengenezwi na wakubwa peke yao. Ni watu wanaoahidiana na kutimiza. Mhenga aliyesema ahadi ni deni alikuwa na habari hiyo kabla ya benki zote.

Mzazi asomaye gazeti hili aweza kuwakusanya watoto wake jioni, akatoa noti moja mfukoni, akawauliza maswali haya:

1. Noti hii ikichanika nusu, ni nini kilichoharibika, karatasi au ahadi?

2. Katika upatu wa mama, ni nani mwenye hatari kubwa zaidi, wa kwanza kupokea au wa kumi? Kwa nini?

3. Muuza samaki na muuza simiti, ni yupi anayefaidika zaidi kuuza mabaki yake ya jioni kwa hati? Eleza sababu.

4. Je, katika nyumba yetu ni ahadi ngapi tulizozitoa ambazo hatujazitimiza?

Swali la nne huenda likamgusa mzazi kuliko mtoto. Asilikwepe. Achukue kalamu, aandike madeni yake yote, jina la mdai, kiasi na siku ya kulipa, kisha aanze na lile dogo kesho asubuhi.