Uvungu wa Ghala Uwe Mkavu



Masika ya bonde la Kilombero unayajua. Mvua kubwa hunyesha mwezi wa Machi hadi Mei. Mito hushuka kutoka milima ya Udzungwa na mbuga hujaa maji. Mvua ikikatika, tunavuna mpunga. Lakini ardhi juu imekauka, chini bado mbichi.

Tuseme mkulima wa Ifakara amepanga magunia kwenye sakafu ya udongo, yakaegemea ukuta. Baada ya miezi miwili anavuta gunia la chini. Lo! Limechanika, mpunga umeota ukungu. Anashangaa: "Mbona paa langu halivuji? Maji yamepita wapi?"

Maji yamepita chini. Tazama taa ya kibatari. Mafuta yako chini, lakini hupanda kwenye utambi. Udongo nao hupandisha maji vivyo hivyo, na gunia huyanywa.

Hasara si ya mpunga tu. Ukungu wa aina nyingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Nafaka yenye ukungu usile, wala usimpe kuku.

Tufanye nini?

1. Kausha mpunga kwanza. Anika juu ya jamvi au turubai, si juu ya ardhi tupu.

2. Pima kwa chumvi. Tia mpunga kiasi cha theluthi moja katika chupa kavu. Ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu. Funga, tikisa dakika 1, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mpunga bado mbichi. Anika tena.

3. Ukiweka magunia ndani ya nyumba, tengeneza chaga ya miti juu ya matofali. Acha nafasi kati ya magunia na ukuta.

4. Ukijenga ghala la nje, liinue juu ya nguzo, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Zivike nguzo kofia za bati kuzuia panya.

5. Uvungu uache wazi, upepo upite. Usiufanye stoo ya kuni wala banda la kuku.

6. Refusha paa, na chimba mfereji kuzunguka ghala ili maji yaende zake.

Kazi hii haitaki fedha nyingi. Miti ipo na mikono tunayo. Jirani akiwa mzee au mgonjwa, tumsaidie kuinua magunia yake kabla ya mvua.

Maswali

1. Kwa nini gunia huloa hata kama paa halivuji?
2. Chumvi ikiganda kwenye chupa, utafanya nini?
3. Leo jioni ingiza mkono chini ya magunia yako. Umekuta pakavu au pabichi?