Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Mazingira Kando ya Mikoko

Shule ninayofundisha iko pwani ya Kwale, Kenya, na mikoko inaanzia nyuma tu ya uwanja wa mpira. Nilipokabidhiwa klabu ya mazingira, wanachama wake walikuwa hodari wa kueleza habari za dubu wa barafu, ila mti wa nyuma ya uwanja hakuna aliyewahi kuulizwa habari zake. Haya ndiyo niliyojifunza tangu hapo.

1. Watoto wanajua mengi, tatizo ni kwamba hatuwaulizi.

Kenya ina aina tisa za mikoko. Nilidhani nitaanza kuwafundisha majina, kumbe wanayo: mkoko, mchu, mlilana, muia, mkandaa, mkomafi. Tulipotoka na utepe kupima unene wa mashina, kijana mmoja ambaye darasani huwa kimya alianza kuyaita kwa majina ya mafundi kulingana na unene, bila kutazama namba: huu fito, huu pau, ule boriti, ule pale nguzo. Baba yake ni fundi wa nyumba za makuti. Siku ile alitufundisha sote kipi kinakaa kwenye paa na kipi kinabeba ukuta. Kutoka hapo ilikuwa rahisi kuwasimulia majahazi yaliyokuwa yakipakia boriti za pwani hii kupeleka Uarabuni na Ghuba, na kwa nini Kenya ilipiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Historia, hesabu na sayansi vilikuja pamoja, na hakuna aliyesinzia.

2. Kupanda ni mwanzo tu. Somo liko katika kurudi.

Kuna wageni waliokuja na fulana za rangi moja, wakapanda mbegu za mkoko ufuoni, wakapiga picha, wakaondoka. Nia yao ilikuwa njema na watoto walifurahi. Lakini walipanda mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, mahali pa mlilana.

Kila bamvua, maji yanapokupwa sana, tulirudi na madaftari. Watoto walijigawa vikundi, kila kikundi na mstari wake, wakaandika: mzima, umelala, haupo. Safu ya "haupo" ikazidi kurefuka. Sikuwapa jibu. Niliwaambia watazame jirani panaota nini. Msichana mmoja akainama chini ya mililana mikubwa akakuta miche midogo imejiotea yenyewe, kwenye tope lililotulia kati ya mizizi. Akauliza: "Mwalimu, kwa nini hawakuiuliza bahari kwanza?"

Tangu hapo ndio desturi yetu. Kabla ya kupanda tunatazama maji yanafika wapi, tope likoje, na zamani paliota mti gani. Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado juu ya mama yake, ndefu, tayari kuchomekwa topeni. Ya mlilana ni ndogo mno, kwa hiyo inataka kitalu na subira. Na pale ambapo miche inajiotea, kazi yetu ni kuilinda tu. Ningekuwa na mamlaka, kila mradi wa kupanda miti shuleni ungepimwa kwa miti iliyo hai baada ya mwaka, si kwa mashimo yaliyochimbwa siku ya sherehe.

3. Ratiba ifuate maji.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Kipindi cha klabu kilipangwa Ijumaa jioni. Ilibidi nimwombe mwalimu mkuu abadilishe. Alikubali, na namshukuru hadi leo.

4. Mtoto asitumwe nyumbani kumhukumu mamake.

Kina mama karanga, wachuuzi wa samaki wa huku kwetu, wanakaanga samaki kwa kuni, na kuni za mikoko zina moto mkali unaodumu. Mtoto akirudi nyumbani na kusema "mama, unaharibu mazingira", amemvunjia heshima mtu anayemlipia sare. Siku hizi naomba watoto waulize, wasihubiri: kuni zinatoka wapi, zilikuwa zikitoka wapi zamani, safari imerefuka? Majibu tunayaleta darasani. Mama mmoja alikuja mwenyewe shuleni kutueleza, na ndiye aliyetaka kujua kama shule ingeweza kumpa miche ya mvinje apande shambani.

5. Faida ionekane, na ihesabiwe hadharani.

Wakazi wa vijiji vya Gazi na Makongeni, hapa Kwale, wana mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa, na mapato yamesaidia maji na vitabu vya shule. Kwangu, jambo kubwa la kufundishia pale ni baraza ambapo wanakijiji wanaamua fedha ziende wapi. Mtoto aliyesikia wazee wakibishana juu ya bomba la maji ameelewa msitu ni wa nani.

6. Tope halitoki baharini.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hadi Mwache, karibu na Mombasa, ukafunika mizizi na mikoko mingi ikafa. Udongo ule ulitoka mashamba ya juu. Tukiwafundisha watoto wa pwani peke yao, tumefundisha nusu. Kwa hiyo klabu yetu imeandika barua kwa shule za upande wa Kinango, huko bara, kuwauliza wanafunzi mvua ikinyesha mto wao huwa rangi gani, na kama wangependa kuja kuona maji yale yanaishia wapi. Tunachangisha nauli ya basi.