MTOTO ANAJIFUNZA AKICHEZA

Mama mpenzi, siku ya kupima watoto tunasikia wengine wakisema: «Mutoto wangu anacheza bule tu, tangu asubuhi!» Lakini mchezo si kitu cha bure. Ndiyo masomo yake ya kwanza.

1. Kwa nini mtoto acheze?

Ubongo wa mtoto unakua upesi sana. Akitimiza miaka 2, umekwisha kufikia karibu robo tatu ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Chakula kinaujenga. Maneno na michezo vinaujenga pia. Mtoto akipanga magunzi ya mahindi, na yakianguka akaanza tena, mikono yake inajifunza, na akili yake vilevile.

2. Mtoto mwenye bwaki

Tulipokea mtoto mwenye bwaki, miguu imevimba, hamtazami mtu. Mama yake alimpa maziwa na dawa, kisha akamlaza kimya. Tukamwomba acheze naye nusu saa kila siku. Siku za kwanza mtoto alisukuma mkebe tuliompa. Siku moja akautupa chini, akamtazama mama: ataokota? Mama akacheka, akaokota. Hapo tulijua anapona. Mtoto wa bwaki anahitaji chakula na dawa, lakini asipochezeshwa akili yake inabaki nyuma.

3. Ufanye nini nyumbani?

– Tangu kuzaliwa hata miezi 6: umtazame machoni, umwimbie. Akitoa sauti, umjibu.
– Miezi 6 hata 12: umpe kikombe na kijiko cha mti agonge. Ujifiche uso kwa kikwembe, kisha ujionyeshe.
– Mwaka 1 hata 3: umtengenezee mpira wa majani makavu ya ndizi. Umpe magunzi apange.

Utasema: «Mimi sina wakati.» Basi, ukitwanga sombe, ongea naye. Mwambie: hili ni jani, huu ni mchi. Na ukienda shambani, nani anabaki naye? Mara nyingi ni yaya yake. Umfundishe yaya michezo hii. Asimbebe mgongoni kutwa nzima. Amshushe chini mahali safi, wacheze pamoja.

4. Uangalie!

Usimpe kitu kidogo kinachoingia kinywani: karanga, maharagwe, kifungo, jiwe la radio. Kinaweza kumziba pumzi. Acheze mbali na moto na maji.

5. Umlete kwa munganga

Umlete kama hakai peke yake akiwa na miezi 9, au hatembei akiwa na miezi 18. Umlete pia mtoto aliyeacha kucheza, hata kama hana homa. Usingoje avimbe miguu.

Maswali ya kuzungumza pamoja

– Jana mtoto wako alicheza na nini?
– Ukiwa shambani, anashinda na nani, na wanafanya nini?
– Leo jioni utacheza naye mchezo gani?