Antena ya Seli na Figo za Baba Mdogo

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Sumbawanga nikamkuta baba mdogo kavimba tumbo. Ultrasaundi ilionyesha figo zote mbili zimejaa vifuko vya maji, na daktari akasema ni ugonjwa wa kurithi. Mtaani jibu lilishapatikana: katupiwa kitu. Mji ambao jina lake wengi hulifafanua kuwa "tupa uchawi", halafu sisi bado tunauokota!

Swali la silia nilikuwa nimelibabaisha kwenye mtihani. Safari hii sikuweza, maana binti yake aliniuliza, "Kaka, na mimi nitaugua?"

Nikaanza hivi. Seli nyingi za mifereji ya figo huwa na silia moja moja, kijinywele kisichopunga, kazi yake kupokea ishara kama antena. Seli huisimika ikipumzika kugawanyika, kwa sababu nguzo yake ni sentrioli mama, ileile inayohitajika wakati wa kugawanyika. Jembe likiwa shambani huwezi kuegemezea mlango.

Sentrioli hiyo huvikwa kofia ya protini CP110, inayozuia silia isiote. Protini CEP164 humwita kimeng'enya TTBK2. Akifika, kofia huondolewa na silia huanza kurefuka. Ndani yake hakuna kiwanda cha protini, kila tofali hupandishwa kutoka chini: kinesini hupanda na mzigo, dayinini hurudisha. Bodaboda tupu. Usafiri huo uliripotiwa 1993 kwenye mwani Chlamydomonas, kiumbe cha madimbwini. Mwaka 2000 ikaonekana kuwa panya wenye hitilafu kwenye IFT88, mojawapo ya protini za usafiri huo, wana silia fupi, na figo zao hujaa vifuko. Hapo ndipo mada hii ilipoacha kuwa ya kukariri kwangu. (Seli ikitaka kugawanyika tena, Aurora A huisaidia kuivunja silia.)

Kwa wagonjwa kama baba mdogo, kinachoharibika kwa kawaida ni polisistini 1 au 2, protini zinazokaa juu ya antena hiyo. Mzazi mmoja akiwa na jeni hiyo, kila mtoto ana nusu kwa nusu. Nilimwambia hivyo hivyo, ingawa mama alinikonyeza ninyamaze.

"Na babu je?" akauliza.

Babu alikufa amevimba vilevile. Jirani aliyeshutumiwa kumroga alihama kijiji, akashukia bonde la Rukwa, hakurudi.

Mdogo wangu akanitazama. Baba yangu na baba mdogo ni baba mmoja, mama mmoja. Pasaka tunakwenda kupimwa wote, baba akitangulia.