Jumanne: Pumzi Inayorudi

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Je, hekalu lililojaa moshi miaka thelathini laweza kusafishwa?

Ndugu wa Nachingwea au Ruangwa anayeacha sigara huweza kukohoa zaidi majuma ya kwanza, akadhani kuacha kumemdhuru, akairudia. Kumbe vinyweleo vya njia ya hewa, vilivyodhoofishwa na moshi, vimeanza tena kusukuma makohozi nje. Kati ya mwezi 1 na 12 kikohozi hupungua. Baada ya miaka 10 hatari ya saratani ya mapafu hushuka karibu nusu. Hata hivyo, kikohozi kikifikia majuma 2, apimwe kifua kikuu.

Jadilini: Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, darasa lenu litamsaidiaje kuyalinda mapafu yake?